Timu yangu inaongoza ligi, mbona mimi nimekuwa mkali?

*Swali: Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni nahodha wa boti ya abiria kati ya Amu (Lamu) na Mokowe, mkazi wa mtaa wa Langoni. Timu yangu ni ya Uingereza. Tafadhali usiitaje, maana Langoni nzima itanijua. Nimeishabikia tangu niko darasa la sita, na kwa miaka mingi tulikuwa watu wa kuchekwa. Msimu huu tunaongoza. Nilidhani nitakuwa na raha, lakini nimegeuka mtu mwingine. Usiku wa kuamkia mechi silali. Nimekosana na shemeji yangu, mume wa dadangu, kwa utani alioutia kwenye grupu la WhatsApp la familia siku tulipotoka sare. Nilimjibu kwa matusi, na sasa tunapishana msikitini bila salamu. Jumamosi moja nilibeti pesa ya mafuta ya boti, ikaenda. Kinachoniudhi zaidi ni hawa walioihama timu yao mwaka huu: leo wamevaa jezi yetu na wanashangilia bandani kutushinda sisi tulioteseka. Mwanangu wa miaka tisa naye anataka jezi ya wapinzani wetu wakubwa. Nieleze, uaminifu wa shabiki ni nini hasa? Na mbona kushinda kumenifanya mbaya kuliko kushindwa?*

Wa aleikum salaam, nahodha. Timu yako sitaitaja, wala hakuna haja. Barua kama hii ingeweza kuandikwa na shabiki wa timu yoyote iliyokaa kileleni mechi zikiwa zimebaki chache na kila mtu ameanza kuhesabu pointi.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalobeba mengine yote. Ninachokiona katika maneno yako ni hofu. Timu ilipokuwa ya sita au ya saba hukuwa na cha kunyang'anywa. Sasa unacho, na mwenye cha kunyang'anywa humshuku kila anayemkaribia: shemeji yake, kijana mwenye jezi mpya, hata refa ambaye mechi yake haijaanza.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Sussex, Peter Dolton na George MacKerron, walitumia majibu zaidi ya milioni tatu ya watu waliokuwa wakiulizwa na programu ya simu, mara kwa mara, wanajisikiaje wakati ule. Waliyaweka majibu hayo kando ya matokeo ya mechi. Katika saa ya kwanza baada ya ushindi, furaha ya shabiki ilipanda kwa pointi 3.9 kwenye kipimo cha 100. Baada ya kufungwa ilishuka kwa 7.8. Yaani uchungu ulikuwa mara mbili ya raha. Sasa fikiria hesabu hiyo kwa mtu ambaye timu yake inatarajiwa kushinda kila wiki. Ushindi aliokwisha kuuhesabu haumpi shangwe, unampa kupumua tu. Sare, ambayo mwaka juzi angeipokea kwa shukrani kwenye uwanja wa ugenini, leo anaiona kama pointi mbili zilizoibwa. Angalia barua yako mwenyewe: ugomvi na shemeji haukutokea siku mliyofungwa. Ulitokea siku ya sare.

Na wewe ni mtu wa Amu, kwa hivyo mfano mkubwa kuliko huo uko karibu nawe. Katika miaka ya 1810 Waamu waliwapiga Wamvita, yaani watu wa Mombasa, na washirika wao wa Pate pale Shela. Kabla na baada ya vita washairi walirushiana maneno, Muyaka bin Haji upande wa Mvita na Zahidi Mngumi upande wa Amu, na kwa maneno na kwa silaha Amu ilitoka na heshima yake. Basi baada ya ushindi huo Waamu walikaa kwa utulivu? La. Walipeleka ujumbe Omani kumwomba mtawala wake, Seyyid Said, ulinzi, kwa kuhofu kwamba Mazrui, watawala wa Mvita, wangerudi kulipiza. Akaletwa liwali, na ngome ile ya pale Mkunguni ikamalizika kujengwa kiasi cha mwaka 1821. Wazee wetu walikuwa na sababu ya kuhofu, kwa maana waliokuwa hatarini ni watoto wao na nyumba zao. Wewe kilicho hatarini ni kombe litakalopelekwa kwenye kabati la mji ambao hujaukanyaga. Lakini mwili hautofautishi sana. Usingizi unaruka vilevile.

Tuje kwa wale wa jezi mpya, maana naona ndipo roho yako inapochemka.

Robert Cialdini na wenzake walichapisha mwaka 1976 uchunguzi uliofanywa katika vyuo vikuu saba vya Marekani, wakati wa msimu wa mpira wao wa Kimarekani. Jumatatu kwa Jumatatu walihesabu wanafunzi waliokuja darasani na nguo zenye jina au nembo ya chuo. Timu ilipokuwa imeshinda wikendi, nguo zile zilionekana zaidi. Wengi wao hawakuuchezea ushindi huo. Waliuota tu, kama mtu anavyoota jua la asubuhi. Miaka kumi baadaye watafiti wengine wakaonyesha upande wa pili: kundi likishindwa, watu hujitenga nalo haraka. Na mwaka 1990 Daniel Wann na Nyla Branscombe wakaeleza ni nani hajitengi: ni yule ambaye timu imekuwa sehemu ya jinsi anavyojitambua. Kwa hiyo jicho lako halikukudanganya. Baadhi ya hao wanaoshangilia kukushinda msimu huu hutawaona mkianza kufungwa.

Lakini nikuulize. Ulipokuwa darasa la sita, timu yako ilikuwa ya ngapi?

Swali hili huwauliza mashabiki wengi katika kazi yangu ya ushauri nasaha, na huwa linanyamazisha chumba. Wakenya wengi wa Manchester United wa rika fulani waliingia baada ya makombe matatu ya 1999. Wa Arsenal waliingia na kikosi cha 2003/04 kilichomaliza ligi bila kufungwa, ndani yake wakiwemo Kanu, Lauren na Kolo Touré, na mtoto wa Kiafrika aliyekuwa mbele ya televisheni alijiona mle. Wa Chelsea waliingia na Drogba na Essien, wakati wa ubingwa wa 2005 na 2006. Liverpool ilipata watu usiku wa Istanbul 2005, ilipotwaa ubingwa wa Ulaya, kisha ikapata wengine kwa Divock Origi, mwana wa Mike Okoth wa Harambee Stars, alipoifunga Barcelona mara mbili katika ile 4-0 ya Mei 2019. Victor Wanyama alipokwenda Tottenham mwaka 2016 aliwavuta watu ambao jana yake wasingeweza kutaja mchezaji mmoja wa timu ile. Karibu kila rika lina mlango wake, na mlango huo kwa kawaida ni msimu mzuri au mchezaji anayefanana nasi. Mwaka wa kwanza wote tulikuwa wageni, na kulikuwa na mtu mzima bandani aliyetuangalia kwa jicho hilohilo unalowaangalia nalo hawa.

Kwa hiyo naomba uache kazi ya kukagua nani shabiki wa kweli. Sikuombi hivyo kwa sababu ya upole peke yake. Kazi hiyo inakuumiza wewe. Kila Jumamosi unaingia bandani na daftari la madeni kichwani: huyu mwaka jana alikuwa timu fulani, yule alitucheka tulipofungwa nne, huyu hata wimbo haujui. Mechi inaanza na wewe umeshachoka. Yule kijana aliyekaa benchi la mbele, jezi yake bado ina mistari ya mkunjo wa pakiti mgongoni, akikugeukia dakika ya 20 akauliza beki wa kushoto anaitwa nani, mwambie. Mwambie na alikotoka, na alivyocheza kabla hajaumia goti. Miaka yako ya kuteseka imekupa ujuzi ambao yeye hana, na hakuna njia nyingine ya kuutumia isipokuwa kuugawa. Kuna baadhi yao watakaoondoka. Watakaobaki watakuwa wale waliopata mtu wa kuwakalisha.

Sasa shemeji.

Mji wa Amu umekuzwa na mashindano. Mkomani na Langoni zimeshindana kwa ngoma, kwa mashairi, kwa mashua na kwa mbio za punda kwa miaka mingi, na watu wa mitaa hiyo miwili wakaendelea kuoana na kuzikana. Walifaulu kwa sababu utani wao ulikuwa na mipaka. Ulikuwa na wakati wake na uwanja wake, ulisemwa mbele ya uso wa mtu, na aliyetaniwa alipewa nafasi ya kujibu, tena kwa ufundi. Aliyejibu kwa tusi alihesabiwa ameshindwa, kwa kuwa hakuwa na neno bora. Kisha siku ikaisha, watu wakaenda kula.

Grupu la WhatsApp limeiondoa mipaka hiyo karibu yote. Shemeji yako alipotuma picha ile ya kuchekesha hakukuona uso. Huenda angekuona umekunja paji angebadilisha maneno, au angekutia kofi la bega mkacheka. Picha ikakaa pale. Ukaifungua mara ya pili, ya tatu, ukiwa peke yako, na kila ukiifungua ilikuwa kama inasemwa upya. Mama akaisoma, na ndugu walio Mombasa na Ghuba wakaisoma. Halafu wewe ukajibu kwa matusi, mbele ya hao wote. Yeye alikutania kuhusu timu. Wewe ulimvunjia heshima mbele ya wakwe zake. Hayo hayalingani, na wa kuanza ni wewe.

Nitakuambia nifanyavyo na watu wanaokuja kwangu na ugomvi wa namna hii. Kosa lilifanyika mbele ya watu, basi neno la kwanza nalo liwe mbele ya watu: andika palepale kwenye grupu, mstari mmoja au miwili, kwamba ulimkosea shemeji na unamtaka radhi. Usitie sababu. Usiandike "lakini na yeye". Usitie hata emoji ya kucheka, kwa maana itaonekana unapunguza. Kisha usingoje ajibu. Siku hiyohiyo baada ya sala ya Isha mpe mkono mlangoni, tembea naye mpaka kwake, na mpira usiutaje mpaka autaje yeye. Na kabla ya yote mpigie dadako. Yeye ndiye aliyeubeba ugomvi huu kuliko nyote wawili: analala na mmoja na amezaliwa na mwingine, na kila akifungua simu anaona ukimya wenu. Mwambie umeliona hilo.

Baada ya hapo wekeni sheria za nyumba. Utani wa mpira uwe na grupu lake, wasio mashabiki wasiburutwe humo. Kwenye dakika 90 na saa moja baada yake, asiandike mtu aliyefungwa wala aliyetoka sare; anayetaka kumtania amfuate barazani.

Kuna jambo hukuliandika, nami sikushuku, lakini singetimiza kazi yangu nikilipita. Nyumbani unaingiaje baada ya mechi? Nauliza kwa sababu takwimu zinatisha. Huko Lancashire, Uingereza, watafiti waliangalia ripoti za polisi za ukatili wa majumbani katika Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010. Siku Uingereza iliposhindwa, ripoti ziliongezeka kwa asilimia 38. Siku iliposhinda au kutoka sare, ziliongezeka kwa asilimia 26. Soma namba ya pili tena: hata siku njema, kuna nyumba zilizolipa. Na huko Marekani, David Card na Gordon Dahl walionyesha mwaka 2011 kwamba timu ya nyumbani ya mpira wa Kimarekani ikifungwa mechi iliyotarajiwa kushinda, ukatili wa wanaume dhidi ya wake na wapenzi wao nyumbani uliongezeka kwa kiasi cha asilimia 10. Mechi zilizotarajiwa kuwa ngumu hazikuleta ongezeko hilo. Ni ile hesabu ya matarajio tena, na ndiyo maana msimu wa mafanikio una hatari zake. Kama mkeo na mwanao husikiliza mlio wa mlango ili wajue matokeo, basi hilo ndilo la kurekebisha kabla ya lolote nililoandika hapa. Pita ufukweni kwanza. Kaa mpaka utakapoweza kuuliza habari za nyumbani na kusikiliza jibu.

Pesa ya mafuta nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa unajua mwenyewe. Ile Arsenal ya 2003/04 haikufungwa hata mechi moja, ilishinda 26 na kutoka sare 12 kati ya 38. Mtu aliyeibeti kushinda kila wiki, timu bora kuliko zote za ligi ile, katika msimu wake bora kuliko yote, angepoteza karibu mara moja katika kila mechi tatu, na mara alizopata angepata kidogo, kwa sababu kampuni za kubeti zinajua timu inayoongoza inapendwa. Mapenzi ni mshauri mbaya wa pesa. Futa programu ile kwenye simu, na pesa ya mafuta mpe mkeo aishike mpaka Mei. Ukiona huwezi kuacha hata kwa hayo, usikae nayo peke yako, mtafute mshauri.

Usingizi ni jambo jingine, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mechi za Ulaya za katikati ya wiki huanza saa nne au saa tano usiku kwa saa zetu, na ikienda muda wa ziada unatoka bandani saa saba na zaidi. Alfajiri una abiria wa kuwahi basi la Mokowe. Nahodha aliyelala kwa muda wa saa mbili tu, au aliyekesha kwa miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu, hafai kushika usukani wa boti yenye watu. Usiku wa mechi kubwa mwombe mwenzako ashike zamu ya asubuhi, nawe umshikie siku nyingine. Ukikosa wa kukushikia, matokeo utayasoma ukiamka.

Na moyo pia una mpaka wake. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006 madaktari wa Munich waliandika dharura za moyo katika eneo lao. Siku Ujerumani ilipocheza, dharura hizo zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida, na waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu awali ndio walioathirika zaidi. Kumbuka kwamba Ujerumani katika mashindano yale ilipoteza mechi moja tu kati ya saba. Watu walipelekwa hospitali timu yao ikiwa inafanya vizuri. Kama una presha, au baba yako aliondoka kwa ugonjwa wa moyo, kapime pale hospitali ya King Fahd kabla ya wiki za mwisho za ligi, na dawa ukiandikiwa usiiruke siku ya mechi.

Umeniuliza uaminifu ni nini. Nimeliacha nyuma kwa sababu sipendi kulijibu kabla ya kuzungumza juu ya tabia. Wengi hupenda kulijibu kwa miaka, kwamba fulani ana ishirini na fulani ana mmoja. Mimi naangalia kile upendo wa mtu unachoifanyia timu na watu walio karibu naye.

Chukua Agosti 2025, Harambee Stars kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao. Ulikuwa msimu wa raha ambao wengi wetu hatukuwahi kuuona: DR Congo 1-0, sare na Angola, kisha Moroko 1-0 kwa bao la Ryan Ogam. Nchi nzima ilirudi kwa timu yake. Lakini siku ya Moroko pale Kasarani watu wasio na tiketi walivunja mageti na kuingia kwa nguvu. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikajibu kwa kupunguza tiketi za mechi ya Zambia mpaka 27,000, kwenye uwanja unaobeba zaidi ya 40,000. Vijana wetu walishinda tena, 1-0, mbele ya viti vilivyoachwa wazi kwa sababu ya walewale waliosema wanawapenda. Kisha ikaja robo fainali, sare ya 1-1 na Madagaska, na penalti zikatutoa. Waliovunja mageti ungewauliza, wote wangejiita waaminifu. Wengine bila shaka walikuwa na miaka ishirini ya kuteseka.

Na chukua namba 49. Arsenal ilicheza mechi 49 za ligi bila kufungwa mpaka Manchester United ilipoifunga 2-0 Oktoba 2004. Yanga nayo ilifika 49 katika ligi ya Tanzania mpaka Ihefu ilipoifunga 2-1 Novemba 2022. Arsenal iliyumba baada ya pale na ubingwa ukaenda Chelsea. Yanga ilisimama, ikawa bingwa msimu uleule na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Hakuna anayeweza kukuambia timu yako itafuata njia ipi siku itakapofungwa, na itafungwa. Unachoweza kukipanga ni siku yako baada ya hapo: uvae jezi ileile Jumapili, usimtukane kipa mtandaoni kwa kosa moja, na ulale.

Nina ombi langu pia. Uwanja wa Twaif hauko mbali na kwako. Wanaocheza pale ni watoto wa majirani zako, wanajua sura yako, na sauti yako wanaisikia. Timu ya Uingereza haitajua kamwe kwamba ulikosa usingizi kwa ajili yake. Kijana wa kidato cha pili aliyefunga bao akatazama pembeni na kukuona umesimama anakumbuka mwaka mzima. Mshabikie huyu pia. Mipira inararuka, nyavu zinaoza kwa chumvi, na timu ikialikwa Faza au Mpeketoni huwa inatafuta boti. Wewe una boti.

Limebaki la mwanao. Mnunulie jezi aliyoitaka. Ana miaka tisa, ameona mchezaji akafurahi, kama wewe ulivyoona ukiwa darasa la sita. Ukimkatalia atajifunza kwamba kupenda timu ni kumpendeza baba, na akikua ataiacha ile ya kwako na huenda akaacha na mazungumzo nawe. Siku timu hizo mbili zikikutana keti naye benchi moja, kila mmoja na rangi yake. Wakifunga wao, mwache aruke. Atakuangalia baada ya kuruka, kuona umekasirika au la, kwa hiyo jiandae kwa dakika hiyo kuliko unavyojiandaa kwa mechi yenyewe.